Mkalimani wa Mwanga anadaiwa, bosi wa Kasulu anatoka na sifuri

Mwaka ukianza tu hapa Kigoma kuna kundi la watu wanaanza kumtafuta yeyote anayejua mahesabu, na sio wale wa TRA wenye madaftari ya mauzo na risiti za EFD, hawa wana pasipoti ya bluu ya Marekani. Wengi wao habari yao inaanzia Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa 1996 kule Kasulu kwa ajili ya Wakongo, wengine ni wa familia za Warundi waliokimbia kwao 1972 ambao Marekani ilianza kuwachukua kwa wingi 2007 hivi, wakapanda ndege ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, na ule mfuko mweupe mkononi, wakaenda kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama na maghala, miaka mitano ikapita wakaapa uraia. Halafu maisha yakawarudisha huku. Mmoja mume alibaki, mwingine mama anaumwa, mwingine kapata kazi kwenye shirika. Leo amepanga nyumba Mwanga au Gungu, anakula migebuka kama sisi wote, ila kwa makaratasi kwao ni Marekani, na kwa mara ya kwanza anatakiwa kufaili ritani ya kodi ya kwao akiwa nje ya kwao.

Swali lao la kwanza huwa ni moja. "Kaka, kwani mimi si nilishaondoka kule?"

Kwa IRS, yaani TRA ya Marekani, hujaondoka. Tanzania yenyewe inakufuata kwa makazi: ukikaa hapa siku 183 ndani ya mwaka wewe ni mkaazi kwa mambo ya kodi, hata uwe na pasipoti ya wapi. Mnyamwezi aliyehamia Ohio moja kwa moja TRA haina habari na mshahara wake wa kule, inamhusu tu kama ameacha nyumba ya kupangisha Tabora mjini maana hiyo pango inapatikana hapa. Marekani inafuata uraia, na grini kadi nayo hivyo hivyo kama bado unayo. Unadaiwa ritani ukiwa Iowa, ukiwa Ujiji, ukiwa katikati ya ziwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wanakaa miaka mitatu minne bila kufaili usianze na sheria, anza na mazoea ya kule. Kule mtu anakatwa kodi kwenye cheki ya kila wiki, Januari anapewa W-2, karatasi ya mwajiri yenye mshahara na makato ya mwaka, anaipeleka kwa jamaa mwenye ofisi pembeni ya duka la Wakongo, wiki mbili tatu hela inaingia benki, na kama ana watoto inaingia hela ya maana, kuna watu wamenunua gari kwa hiyo hela. Kwa hiyo kwake ritani ni msimu wa kupokea. Akihamia huku hamna W-2, hamna aliyemkata, hamna cha kurudishiwa, basi anaona na ritani imekufa. Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa na vitendo. Na ile hela kubwa ya wenye watoto wanayoiita EITC kweli imekufa, maana sharti lake uwe umeishi Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Ndio maana jamaa wa kule akikupigia akasema nitumie namba za sosho (Social Security) za watoto nikufailie kama bado uko hapa, mkatae hata kama ni mjomba wako. Ikigundulika ni udanganyifu unafungiwa EITC miaka 10, na yeye hutamwona, jina kwenye ritani ni lako.

Sasa hii tabia ya kumtoza raia popote alipo ilianza zamani, enzi za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1860, walitaka hela na walikuwa na hasira na matajiri waliokimbilia Ulaya. Mwaka 1924 kesi ikafika mahakama yao ya juu, Cook v. Tait, Mmarekani anayeishi Mexico na kipato chake kinatoka Mexico anauliza nawalipa kwa lipi, mahakama ikasema serikali inamfaidisha raia wake na mali zake popote alipo kwa hiyo alipe. Hiyo hoja mimi napenda kuipima hapa hapa. Raia wa Marekani akipata shida Kigoma, ubalozi wake uko Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Akiugua anatibiwa Maweni na sisi. Nchi nyingine inayojulikana kwa mtindo huu ni Eritrea na ile asilimia 2 yake kwa walio nje, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilishaikemea 2011 kwa namna inavyoikusanya na hela inakopelekwa. Marekani Baraza hilo halijaikemea. Hata Boris Johnson, kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza, alidaiwa na IRS kodi ya nyumba aliyouza London kwa sababu tu alizaliwa New York, akalalamika wee mwisho akalipa, 2016 akaurudisha uraia wenyewe.

Ila mimi ishu yangu sio kama ni haki kumtoza raia aliye nje. Hilo limeshajadiliwa miaka mia. Ishu yangu ni nani hasa anaumia, maana watu wanadhani wanaoumia ni wenye hela, na mahesabu yanasema kinyume chake.

Chukua bosi wa Kasulu, nimemtengeneza mwenyewe lakini wa namna yake wapo. Ana pasipoti ya bluu, anafanya kazi shirika la Ulaya linalohudumia wakimbizi, mshahara dola 70,000 kwa mwaka. Kuna fomu inaitwa 2555, inamruhusu mtu anayeishi nje kuondoa kipato cha jasho lake kisitozwe, kwa mwaka 2025 mpaka dola 130,000. Sharti la njia rahisi ni kuwa nje ya Marekani siku 330 nzima ndani ya miezi 12 yoyote inayofuatana, na akivuka kwenda Bujumbura au Kalemie haimharibii kitu, kote ni nje. Mwaka wa kwanza unasumbua kidogo maana kama alifika Aprili hizo 330 hazijatimia Desemba, anasubiri zitimie mwakani ndio anafaili, na kiwango kinagawanywa kwa siku. Baada ya hapo kila mwaka ni kujaza tu. Anawalipa TRA PAYE yake, kubwa kweli, lakini kwa IRS jibu ni sifuri. Na makato ya Social Security, ule mfuko wao wa uzeeni, hayamgusi kwa sababu ameajiriwa na mwajiri ambaye sio wa Kimarekani.

Sasa njoo Mwanga. Kuna dada mmoja (sisemi zaidi ya hapo) ni mkalimani wa simu. Saa kumi jioni ya kwetu ndio asubuhi ya Kentucky, hospitali zinafunguliwa, anavaa hedifoni anajifungia chumba cha uani, mtoto haruhusiwi kulia wala jirani kuwasha redio, anatafsiri Kiswahili na Kibembe kati ya daktari na bibi wa Kikongo ambaye presha imepanda na hajui neno moja la Kiingereza, mpaka saa sita usiku. Umeme ukikatika anarukia inveta, bando likikata anahamia laini nyingine, akipotea hewani mara nyingi hapangiwi kazi. Hana ajira, kampuni inamlipa kama mtu aliyejiajiri. Kwa nini asifungue duka kama wengine? Kwa sababu kwa pasipoti ile hapa yeye ni mgeni, na amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia biashara za rejareja na nyingine nyingi ndogo ndogo. Ukalimani wa wateja wa nje ndio uliobaki.

Tuseme mwaka mzima, akishatoa bando na inveta na hedifoni, anabaki na dola 6,000. Kodi ya mapato ya Marekani: sifuri, kiwango kisichotozwa kwa anayefaili peke yake mwaka 2025 ni dola 15,750, hajafika hata nusu. Watu wanaishia hapo wanashangilia, wengine hata hawafaili wakidhani kipato kidogo kimewaokoa. Wala. Aliyejiajiri akivuka faida ya dola 400 tu lazima afaili na alipe kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, yaani 12.4 ya Social Security na 2.9 ya Medicare, bima yao ya afya ya wazee, inapigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida. Piga mwenyewe: inakuja kama dola 848. Kwa rate ya shilingi 2,500 hiyo ni zaidi ya milioni 2 na laki 1. Fomu 2555 haiigusi. Ile kodi aliyolipa TRA haiipunguzi hata senti, maana kupunguziana kule kunahusu kodi ya mapato na ya mapato ni sifuri tayari. Na TRA nayo, ukimweka kwenye viwango vya kawaida vya mtu binafsi, kwa milioni 15 anadaiwa kama milioni 2 na laki 4. Jumla milioni nne na nusu kwenye kumi na tano!

Mwenye dola 70,000 kwa Marekani sifuri. Mwenye 6,000 anatoa 848. Nikiwaonyesha watu hii wananiambia nimekosea kuhesabu.

Sijakosea, ni mfumo ndio uko hivyo na sababu yake inajulikana. Ule msamaha wa 2555 ulitengenezwa kwa kumfikiria mtu anayetumwa nje na kampuni, mwenye mshahara. Makato ya uzeeni wakayaacha yatatuliwe kwa mikataba kati ya nchi na nchi, kwamba ukichangia huku usichangie kule. Marekani ina mikataba hiyo kama 30, sehemu kubwa ya Ulaya, Japani, Korea, Australia, Brazil, Chile. Afrika hamna hata mmoja. Mkataba wa kodi za mapato nao kati ya Tanzania na Marekani haupo, sisi tunayo tisa na nchi kama Canada, India, Afrika Kusini, Zambia, Sweden. Mkalimani huyo huyo angekuwa anakaa Uingereza na kuchangia kule asingedaiwa hiyo 848.

Hapo kuna kitu kidogo kinachosaidia ambacho wanaopiga kelele mitandaoni kuhusu 2555 hawakisemi: dada kama huyu aiache hiyo fomu. Hana cha kuondoa, kipato chake kiko chini ya kiwango tayari, na akiijaza anajifungia mlango wa sehemu ya hela ya watoto inayolipwa taslimu hata kama hudaiwi kodi. Hiyo, tofauti na EITC, haina sharti la kuishi Marekani, mtoto awe raia mwenye namba ya sosho na aishi na wewe zaidi ya nusu mwaka, popote. Akiwa na watoto wawili wa namna hiyo, hesabu ni asilimia 15 ya kipato kinachozidi 2,500, na kipato hapo ni faida ukishatoa nusu ya ile 848, kwake ni kama dola 461. Deni linashuka mpaka 387. Bado linauma ila sio lile lile.

Na la pili, hili nalisema najua sitapendwa: hiyo 848 sio hela iliyotupwa ziwani. Pensheni ya Social Security inataka pointi 40, kwa mwaka unapata zisizozidi nne, 2025 pointi moja ilikuwa kipato cha dola 1,810. Mtu aliyekaa kiwandani miaka sita ana 24 na akiishia hapo hapati pensheni, jasho lake lote la kukata kuku kwenye baridi limekwenda bure. Faida ya 6,000 mwaka 2025 ilimpa pointi tatu. Akiweza kushika kasi hiyo, miaka mitano na kidogo ya ukalimani akiwa Mwanga anafika 40, na raia wao analipwa pensheni hata akiwa anaishi Tanzania. Kwa hiyo mwenye pointi 30 namwambia lipa, tena lipa kwa furaha, na mwenye pointi sita namwonea huruma. Anachangia mfuko ambao huenda asiuguse kabisa.

Tukija kwenye akaunti za benki, huku hakuna kodi kuna karatasi tu, lakini ndio karatasi yenye meno. FBAR, ripoti ya akaunti za nje, inatumwa kwa FinCEN, kitengo cha hazina yao kinachofuatilia uhalifu wa fedha, haiendi IRS pamoja na ritani, na inadaiwa kama akaunti zako zote za nje zikijumlishwa zilifika zaidi ya dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka. Mtu anacheka, mimi milioni 25 naipata wapi. Subiri. Akaunti zinazohesabika sio za kwako peke yake, ni pamoja na zile ambazo wewe ni mweka saini. Sasa fikiria mji huu, nani anachaguliwa mweka hazina wa kikundi? Anayeaminika, aliyekaa nje, anayejua kusoma karatasi za benki. Mama wa pasipoti ya bluu anawekwa saini ya kikundi chenye wanachama thelathini, Desemba kabla ya kugawana akaunti inafika milioni 40, asubuhi wanagawana yeye anapata kama wengine, na kwa sheria ya Marekani ya 1970 ameshakuwa mtu mwenye akaunti ya nje ya kuripotiwa. Hatozwi hata shilingi. Ila asiporipoti faini ya kutokukusudia kwa sheria ni mpaka dola 10,000, na kiwango hicho kimekuwa kikipandishwa kufuata bei. Ya kanisa hivyo hivyo, ya kamati ya harusi pia kama imefunguliwa benki kwa saini yako.

Na msiseme haya ni ya matajiri wa Uswisi. Kesi iliyoamuliwa Februari 2023, Bittner, inahusu mtu aliyetoka Romania akaenda Marekani akapata uraia, 1990 akarudi kwao kufanya biashara, hakujua habari za FBAR. Tajiri kweli, sio mwenzetu kwa hela, lakini kwa safari ya maisha ni mwenzetu kabisa. Serikali ikamhesabia akaunti moja moja, 272 kwa miaka mitano, ikaja dola milioni 2.72. Mahakama ya juu ikasema, majaji watano kwa wanne, faini ni kwa ripoti sio kwa akaunti, ikashuka kuwa 50,000. Kura moja tu iliyoleta tofauti hiyo.

Aliyechelewa bila kukusudia mlango upo na hauna faini. Anafaili ritani za miaka mitatu ya nyuma, FBAR za miaka sita, anajaza fomu 14653 akieleza kwa maneno yake kwa nini hakufaili. Kwa maneno yake, nasisitiza, maana nimeona za kunakili kwa mtu mwingine ambazo mkimbizi wa Nyarugusu anaandika alikuwa akiishi Geneva. Andika ulifikiri ritani ni ya mwenye W-2, ndio ukweli wenyewe. Sharti ni ujitokeze kabla hawajakutafuta. Walioolewa au kuoa Mtanzania asiye na namba ya sosho na wanafaili peke yao wajue kiwango chao cha kulazimika kufaili ni dola 5, sijakosea tarakimu, tano. Tarehe kwa anayeishi nje ni Juni 15 bila kuomba, ingawa riba ya deni inahesabiwa tangu Aprili 15, na ritani ya TRA kwa mwaka wa Januari mpaka Desemba mwisho Juni 30, kwa hiyo madaftari ni yale yale, yafunge mara moja. Na kabla hujahama kule usiiue laini ya simu, karibu kila akaunti ya maana inatuma namba ya uthibitisho huko, na ukiwa Kigoma na laini imekufa huingii popote.

Rudi kwa mkalimani, maana ndiye anayenikera. Haya ya bosi na ya faini mtu anaweza kujipanga nayo. Ya kwake hayana ujanja, labda afungue kampuni ajiajiri mwenyewe, na hapo fomu za Marekani za mwenye kampuni nje zitamla kuliko hiyo 848. Dawa yake ni mkataba wa nchi na nchi kwenye makato ya uzeeni, yeye achangie NSSF hapa kama mwanachama wa hiari, apeleke IRS cheti kwamba anachangia huku, yaishe, na pointi zake za kiwandani zijumlishwe na miaka ya huku. Bungeni diaspora ikitajwa mjadala unakwenda kwenye uraia pacha na viwanja na hela zinazotumwa nyumbani. Huu mkataba sijasikia mbunge akiuulizia, wa Kigoma wala wa Tabora, na wapiga kura wenye ndugu kule wapo kuanzia Kasulu mpaka Ulyankulu. Hauhitaji kubadilisha katiba ya mtu. Unahitaji wizara mbili zikae na ubalozi mmoja, na mtu wa NSSF aje na orodha.